Ugomvi wa Kisiasa wa Bilionea na Bei ya Hisa za Kampuni Yake: Historia ya Yukos (2003–2007) ikilinganishwa na Alibaba na Tesla

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna ugomvi baina ya bilionea na watawala unavyoathiri bei ya hisa za kampuni anayoimiliki au kuiongoza. Kitovu cha uchunguzi ni Yukos, kampuni ya mafuta ya Urusi iliyokuwa chini ya Mikhail Khodorkovsky, tangu mvutano wake na Rais Vladimir Putin ulipodhihirika mwaka 2003 hadi kampuni ilipofutwa mwaka 2007. Visa viwili vya baadaye, cha Jack Ma na Alibaba nchini China na cha Elon Musk na Tesla nchini Marekani, vinatumika kupima iwapo yaliyoonekana kwa Yukos yanaihusu Urusi peke yake. Hoja kuu ni kwamba bei ya hisa haipimi ukali wa maneno yanayorushwa, bali hupima makadirio ya wawekezaji kuhusu vyombo ambavyo mtawala anaweza kuvitumia na kuhusu mahali ambapo sheria itamzuia. Makala yanaonesha pia kwamba makadirio hayo huweza kuchelewa sana, na kwamba gharama ya kuchelewa huko huwaangukia wanahisa wadogo ambao hawakuwa na sauti katika ugomvi wenyewe.

1.0 Utangulizi

Anayenunua hisa hanunui kisima cha mafuta wala mtambo wa kuunda magari. Hununua dai juu ya faida ya kesho, na dai hilo lina thamani kwa kadiri ambavyo kuna chombo kinacholilinda. Kwa sababu hiyo, bei ya hisa hubeba mambo mawili kwa pamoja: matarajio kuhusu biashara ya kampuni, na imani kwamba faida itakayopatikana itamfikia mwenye hisa. Katika nyakati za kawaida jambo la pili husahaulika, kwa kuwa halibadiliki kutoka siku moja hadi nyingine. Ugomvi wa kisiasa ndio unaolifanya lionekane.

Historia za mabilionea zimeandikwa kwa wingi kama simulizi za watu wawili wanaopambana: tajiri upande mmoja, mtawala upande wa pili. Simulizi hizo humwacha nje mtu wa tatu, yaani mwanahisa wa kawaida, ambaye akiba yake imo ndani ya kampuni inayogombewa. Makala haya yanamrudisha mtu huyo katika historia. Yanauliza maswali matatu. Kwanza, ni tukio gani katika mlolongo wa ugomvi linaloishusha bei: neno, tishio au kitendo? Pili, kwa nini bei hurejea haraka katika baadhi ya visa na isirejee kabisa katika vingine? Tatu, hasara hatimaye hubebwa na nani?

2.0 Mkabala wa Uchambuzi

Uchambuzi unaongozwa na mikabala miwili. Wa kwanza ni nadharia ya ufanisi wa soko, iliyopewa umbo lake linalojulikana zaidi na Eugene Fama mwaka 1970. Nadharia hiyo hudai kwamba bei ya hisa huakisi habari zilizopo, hivyo bei hubadilika pale tu habari mpya inapoingia sokoni. Mkabala wa pili ni uchunguzi wa thamani ya ukaribu na watawala. Mwaka 2001 Raymond Fisman alichapisha utafiti kuhusu Indonesia ya zama za Suharto. Alionesha kwamba kila uvumi kuhusu afya mbaya ya rais huyo ulipoenea, hisa za kampuni zilizokuwa karibu naye zilianguka zaidi kuliko hisa za kampuni nyingine. Kwa maneno mengine, sehemu ya thamani ya kampuni hizo haikuwa ndani ya kampuni. Ilikuwa Ikulu.

Makala haya yanaugeuza mtazamo wa Fisman. Ikiwa ukaribu na mtawala una thamani inayopimika, basi uhasama naye una gharama inayopimika vilevile. Hata hivyo, tahadhari moja ni ya lazima. Bei ya hisa husukumwa na mambo mengi kwa wakati mmoja, hivyo mwendo wa siku moja hauwezi kuhusishwa na ugomvi bila kutazama soko zima lilifanya nini siku hiyo na biashara yenyewe ya kampuni ilikuwa katika hali gani. Kwa Yukos ulinganisho huo unawezekana vizuri, kwa sababu bei ya mafuta duniani ilikuwa ikipanda katika kipindi kilekile ambacho hisa za kampuni hiyo zilikuwa zikiporomoka.

3.0 Yukos na Serikali ya Urusi

3.1 Asili ya mali na asili ya udhaifu

Yukos iliundwa mwaka 1993 kutokana na mashirika ya mafuta yaliyokuwa ya serikali. Desemba 1995, katika utaratibu uliojulikana kama mikopo kwa hisa, benki ya Menatep iliyoongozwa na Khodorkovsky ilijipatia takriban asilimia 78 ya kampuni kwa zaidi kidogo ya dola za Marekani milioni 300. Minada ya utaratibu huo haikuwa na ushindani wa kweli, kwa kuwa benki zilizopewa kazi ya kuisimamia ndizo zilizoibuka washindi. Serikali ya Boris Yeltsin ilihitaji fedha, na ilihitaji zaidi uungaji mkono wa matajiri katika uchaguzi wa mwaka 1996.

Jambo hili ni la msingi katika kuelewa yaliyofuata. Mali iliyopatikana kwa hisani ya watawala hubaki na kasoro ambayo watawala wa baadaye wanaweza kuifukua. Warusi wengi hawakuiona mali ya mabilionea hao kuwa halali, na kwa hiyo atakayeinyang'anya hakuwa na hofu kubwa ya kuchukiwa na umma.

Katika miaka ya mwisho ya karne ya 20, wanahisa wadogo wa Yukos waliumizwa na Khodorkovsky mwenyewe. Mnamo 1998 na 1999 kampuni ilipanga kutoa hisa mpya kwa wingi katika kampuni zake tanzu, hatua ambayo ingepunguza sana sehemu ya wawekezaji wa nje, na hisa zake zikauzwa kwa senti chache. Kisha mwelekeo ukabadilika. Kampuni ilianza kuchapisha hesabu kwa viwango vya kimataifa, ikaingiza wakurugenzi wa kigeni katika bodi na kulipa gawio kubwa. Wawekezaji walimsamehe. Kufikia mwaka 2003 Yukos ilionekana kuwa kielelezo cha kampuni ya Kirusi iliyostaarabika, na hisa moja ilikaribia kuuzwa kwa dola 15. Hata hivyo, mageuzi hayo yalitibu udhaifu mmoja tu: hatari iliyotoka kwa mwenye hisa nyingi. Hatari iliyotoka kwa serikali haikuguswa, wala haingeweza kuguswa na bodi yoyote ya wakurugenzi.

3.2 Miezi minane ambayo soko halikusikia

Putin alipoingia madarakani mwaka 2000 alikutana na matajiri wakubwa mwezi Julai mwaka huohuo. Maafikiano yaliyoeleweka baada ya mkutano huo, ingawa hayakuandikwa popote, ni kwamba mali zao zisingeguswa iwapo wangekaa mbali na siasa. Vladimir Gusinsky alikuwa amekwisha kukamatwa kwa muda mwezi Juni, na Boris Berezovsky alikimbilia nje ya nchi kabla ya mwaka kumalizika. Wote wawili walimiliki vyombo vya habari. Somo walilolipata wawekezaji ni kwamba serikali ilitaka televisheni, haikutaka visima.

Khodorkovsky hakukaa mbali na siasa. Alifadhili vyama vya upinzani vya kiliberali, wabunge waliokuwa karibu na Yukos walipinga kodi mpya za mafuta, na kampuni ilishabikia mabomba ya kibinafsi ya kusafirishia mafuta wakati serikali ilitaka kuendelea kuhodhi njia hizo. Tarehe 19 Februari 2003, katika mkutano wa Kremlin uliooneshwa kwenye televisheni, alizungumzia ufisadi mbele ya Putin na kutaja jinsi kampuni ya serikali, Rosneft, ilivyonunua kampuni ya Severnaya Neft kwa takriban dola milioni 600. Putin alimjibu kwa kuuliza ni vipi Yukos yenyewe ilivyozipata akiba zake kubwa za mafuta.

Kwa mtazamo wa leo, swali hilo la Putin lilikuwa ilani. Soko halikulisikia hivyo. Mwezi Aprili Yukos na Sibneft zilitangaza mpango wa kuungana. Tarehe 2 Julai 2003 Platon Lebedev, mshirika wa karibu wa Khodorkovsky, alikamatwa, na hisa zikaanguka. Lakini kufikia vuli zilikuwa zimerejea na kupita mahali zilipokuwa. Habari za mazungumzo na ExxonMobil na ChevronTexaco kuhusu ununuzi wa sehemu ya kampuni ziliipandisha bei. Tarehe 8 Oktoba shirika la Moody's liliipandisha Urusi hadi daraja la nchi zinazofaa kuwekezwa, na fahirisi ya soko la Moscow ikafikia kilele baada ya siku chache.

Hapa nadharia ya ufanisi wa soko inapata mtihani mgumu. Habari za ugomvi zilikuwepo na hazikufichwa, kwa kuwa sehemu yake ilikuwa imeoneshwa kwenye televisheni. Kilichokosekana ni tafsiri. Wawekezaji waliamini kwamba serikali iliyotaka mtaji wa kigeni isingeivunja kampuni iliyopendwa na mtaji huo. Waliyapima masilahi ya Kremlin kwa mizani yao wenyewe, na wakasahau kwamba mtawala anaweza kukubali hasara ya kiuchumi ili kupata utii wa kisiasa, hasa anapoikaribia miezi ya uchaguzi wa bunge wa Desemba 2003 na uchaguzi wa rais wa Machi 2004.

3.3 Kutoka kukamatwa hadi kufutwa

Alfajiri ya Jumamosi, tarehe 25 Oktoba 2003, Khodorkovsky alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Novosibirsk, Siberia. Soko lilipofunguliwa Jumatatu, hisa za Yukos ziliporomoka kwa zaidi ya asilimia 10, biashara ikalazimika kusimamishwa kwa muda, na fahirisi ya soko zima ikashuka kwa takribani asilimia 10. Kushuka kwa soko zima ni jambo la kuzingatiwa. Wawekezaji hawakuwa wakihesabu tena hasara ya kampuni moja, bali walikuwa wakihesabu upya thamani ya haki ya kumiliki mali nchini Urusi. Tarehe 30 Oktoba waendesha mashtaka walizizuia takriban asilimia 44 ya hisa za Yukos. Mkuu wa utumishi wa Kremlin, Alexander Voloshin, akajiuzulu. Tarehe 3 Novemba Khodorkovsky naye alijiuzulu uongozi wa kampuni, na kabla ya mwezi huo kwisha Sibneft ilisimamisha muungano.

Kujiuzulu huko kulitoa nafasi ya kuipima hoja muhimu. Iwapo ugomvi ulikuwa wa mtu na mtu, kuondoka kwa mtu huyo kungeiokoa kampuni. Haikuwa hivyo. Mwezi Aprili 2004 mamlaka ya kodi iliidai Yukos takriban rubli bilioni 99, sawa na dola bilioni 3.4 hivi, kwa mwaka 2000 pekee. Madai ya miaka mingine yalifuata hadi jumla ikapita dola bilioni 20, huku akaunti na mali za kampuni zikiwa zimezuiliwa. Kampuni ilidaiwa fedha na wakati huohuo ikafungiwa njia za kuzilipa.

Madai hayo hayakuwa ya kubuni kabisa. Yukos ilikuwa ikiuza mafuta kupitia kampuni ndogondogo zilizosajiliwa katika majimbo yenye nafuu ya kodi, kama Mordovia, na njia hizo zingeweza kuhojiwa kisheria. Lakini kampuni nyingine za mafuta zilitumia njia zinazofanana nazo. Sibneft, ambayo mmiliki wake mkuu Roman Abramovich alikuwa gavana wa Chukotka na mtu asiyegombana na Kremlin, haikuvunjwa. Mwaka 2005 ilinunuliwa na Gazprom kwa takriban dola bilioni 13. Sheria ileile, mazoea ya aina ileile, miisho miwili tofauti: ulinganisho huu ndio ushahidi wenye uzito zaidi kwamba kodi ilikuwa chombo, na ugomvi ndio uliokuwa sababu.

Katika mwaka 2004 bei ya hisa za Yukos ilikoma kufuata hesabu za kampuni na ikaanza kufuata vinywa vya viongozi. Tarehe 17 Juni Putin alisema kwamba serikali haikuwa na nia ya kuifilisi kampuni ya aina ya Yukos, na hisa zikapanda kwa zaidi ya robo kwa siku moja. Hakuna pipa moja la mafuta lililoongezeka siku hiyo. Mwaka huo bei ya mafuta ghafi ya Marekani ilivuka dola 50 kwa pipa kwa mara ya kwanza, jambo ambalo kwa kawaida lingezitajirisha hisa za kampuni yoyote ya mafuta. Za Yukos zilizidi kushuka.

Tarehe 19 Desemba 2004 kampuni tanzu ya Yuganskneftegaz, iliyotoa takriban asilimia 60 ya mafuta ya Yukos, ilipigwa mnada. Siku chache kabla, uongozi wa Yukos ulikuwa umeomba ulinzi wa sheria ya ufilisi katika mahakama ya Houston, Texas, na zuio la mahakama hiyo likawafanya wafadhili wa kigeni wa Gazprom wajitoe. Mshindi alikuwa Baikal Finance Group, kampuni isiyojulikana iliyokuwa imesajiliwa muda mfupi tu kabla ya mnada, kwa dola bilioni 9.35. Baada ya siku chache kampuni hiyo ilichukuliwa na Rosneft, yaani kampuni ileile ambayo Khodorkovsky aliihoji mwezi Februari 2003. Mwisho wa mwaka huo hisa moja ya Yukos iliuzwa chini ya dola moja. Khodorkovsky alihukumiwa kifungo mwezi Mei 2005. Yukos ilitangazwa kuwa mufilisi tarehe 1 Agosti 2006, na mwezi Novemba 2007 ikafutwa katika daftari la makampuni.

3.4 Nani alilipa

Mwezi Julai 2014 maamuzi mawili yalitolewa. Mahakama ya kudumu ya usuluhishi ya The Hague iliwapa wanahisa wakubwa tuzo ya takriban dola bilioni 50, tuzo ambayo Urusi iliipinga kwa miaka mingi katika mahakama za Uholanzi. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamuru wanahisa wote wa Yukos walipwe fidia ya yuro bilioni 1.87 hivi. Mwezi Januari 2017 Mahakama ya Katiba ya Urusi iliamua kwamba serikali haikulazimika kuilipa fidia hiyo.

Tofauti ya kiasi katika maamuzi hayo ilitokana na mikataba tofauti na hoja tofauti za kisheria. Hata hivyo, inaonesha mpangilio wa nguvu. Mwanahisa mkubwa ana mawakili, ana kampuni zilizosajiliwa katika nchi zenye mikataba ya kulinda uwekezaji, na anaweza kungoja miaka kumi au zaidi. Mwanahisa mdogo, aliyenunua hisa kupitia mfuko wa akiba au dalali kwa sababu hesabu za kampuni zilikuwa safi na gawio lilikuwa kubwa, ana njia moja tu: kuuza. Akiuza mapema anakuwa amekimbia faida, na akiuza baada ya habari anakuta mlango umejaa watu.

4.0 Alibaba: Ugomvi Uliokuwa na Bei ya Kuumaliza

Kisa cha Jack Ma kinafanana na cha Khodorkovsky katika chanzo chake na kinatofautiana nacho katika mwisho wake. Tarehe 24 Oktoba 2020, mjini Shanghai, Ma alitoa hotuba iliyowakosoa wadhibiti wa fedha wa China na kuzilaumu benki kwa kufanya kazi kama maduka ya rehani. Wakati huo kampuni ya Ant, ambayo Alibaba ilimiliki takriban theluthi yake, ilikuwa ikijiandaa kuuza hisa kwa umma kwa zaidi ya dola bilioni 34. Tarehe 3 Novemba, siku mbili kabla ya hisa kuanza kuuzwa, zoezi lilisimamishwa, na hisa za Alibaba mjini New York zikashuka kwa takriban asilimia 8. Tarehe 24 Desemba uchunguzi dhidi ya uhodhi wa soko ulipotangazwa, zilishuka kwa asilimia 13.

Ma alikuwa ameacha uenyekiti wa Alibaba tangu Septemba 2019 na alimiliki sehemu ndogo tu ya hisa zake. Hilo halikulizuia soko kuifunga thamani ya kampuni kwenye mwili wake. Baada ya miezi kadhaa ya kutoonekana hadharani, alitokea kwenye video tarehe 20 Januari 2021 akizungumza na walimu wa vijijini, na hisa za Hong Kong zikapanda kwa zaidi ya asilimia 8. Tarehe 3 Mei 2022 televisheni ya taifa iliripoti kwamba mtu wa ukoo wa Ma amewekwa chini ya ulinzi mjini Hangzhou. Hisa zikaanguka kwa zaidi ya asilimia 9, kisha zikarejea ilipobainika kwamba alikuwa mtu mwingine kabisa. Ma ni jina la mamilioni ya Wachina. Soko lililoshtushwa na jina tu ni soko lililokwisha kujifunza kwamba lolote linawezekana.

Tukio linalofundisha zaidi ni la Aprili 2021. Tarehe 10 mamlaka ya usimamizi wa soko iliitoza Alibaba faini ya yuani bilioni 18.2, takriban dola bilioni 2.8, na soko lilipofunguliwa tarehe 12 hisa zilipanda. Faini ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa na tarakimu. Kampuni ilijua deni lake, ikalikubali, ikaendelea kuwepo. Yukos haikupata kamwe tarakimu ya mwisho, kwa kuwa kila deni lililokadiriwa lilifuatiwa na lingine. Hata hivyo, ahueni ya Alibaba ilikuwa ya muda: kufikia Machi 2022, katikati ya hatua pana za serikali dhidi ya kampuni za teknolojia, hisa zilizokuwa zimevuka dola 300 mwezi Oktoba 2020 ziliuzwa chini ya dola 100.

5.0 Tesla: Kelele Nyingi, Sheria Iliyosimama

Elon Musk alitumia zaidi ya dola milioni 250 kumuunga mkono Donald Trump na wagombea wenzake katika uchaguzi wa mwaka 2024. Hisa za Tesla zilipanda baada ya ushindi na kufikia kilele katikati ya Desemba, ingawa mauzo ya magari hayakuwa yameongezeka kwa kiwango hicho. Hiyo ilikuwa thamani ya ukaribu aliyoieleza Fisman. Miezi michache baadaye, Musk alipokuwa akiongoza mpango wa kupunguza matumizi ya serikali na wateja wengi wakimkasirikia, sehemu kubwa ya faida hiyo ilikuwa imepotea.

Tarehe 5 Juni 2025 wawili hao waligombana waziwazi kuhusu muswada wa kodi na matumizi. Trump alitishia kuvunja mikataba ya serikali na kampuni za Musk. Siku hiyo Tesla ilishuka kwa asilimia 14 na kupoteza takriban dola bilioni 150 za thamani. Siku iliyofuata ilirejesha sehemu ya hasara. Tarehe 7 Julai, baada ya Musk kutangaza kuanzisha chama chake cha siasa, ilishuka tena kwa karibu asilimia 7. Kabla ya mwaka kwisha bei ilikuwa imevuka tena dola 400.

Katika kisa hiki kuna jambo ambalo halikuonekana katika visa vilivyotangulia. Mikataba mikubwa iliyotishiwa ilikuwa hasa ya SpaceX, kampuni ya roketi ambayo wakati huo hisa zake hazikuwa zikiuzwa kwenye soko la umma. Tesla ndiyo iliyokuwa na bei inayoonekana kila dakika, na kwa hiyo ndiyo iliyobeba hofu kuhusu himaya nzima. Mwanahisa wa Tesla alitozwa gharama ya tishio ambalo kwa sehemu kubwa halikuihusu kampuni yake. Tofauti na Urusi ya 2003, tishio halikugeuka kitendo cha kunyang'anya. Hatua iliyoigusa biashara ya Tesla, yaani kuondolewa kwa nafuu ya kodi ya dola 7,500 kwa wanunuzi wa magari ya umeme, ilipitia bungeni, ilikuwa na tarehe na iliwahusu watengenezaji wote.

6.0 Mjadala

Visa vitatu vikisomwa pamoja vinatoa majibu kwa maswali yaliyoulizwa. Kuhusu tukio linaloishusha bei, maneno yana nguvu pale tu soko linapoamini kwamba msemaji anaweza kuyatekeleza. Swali la Putin la Februari 2003 lilikuwa zito kuliko maneno yote ya Juni 2025, lakini halikuitikisa bei, kwa kuwa mfano wa utekelezaji haukuwa umeonekana katika sekta ya mafuta. Baada ya Oktoba 2003 sentensi moja ya rais iliweza kuipandisha bei kwa zaidi ya robo. Kilichobadilika ni maarifa ya msikilizaji.

Kuhusu kurejea kwa bei, kigezo si ukubwa wa adhabu bali ni kuwepo kwa ukomo wake. Alibaba ilipanda baada ya kutozwa faini iliyoweka ukomo, ikashuka tena hatua nyingine zisizo na ukomo zilipoendelea. Tesla ilirejea kwa kuwa mahakama, bunge na mikataba vilibaki kuwa vizuizi ambavyo wawekezaji waliweza kuvikadiria. Yukos haikurejea kwa kuwa kila taasisi iliyotarajiwa kuwa kizuizi, iwe mamlaka ya kodi, mahakama au mnada, iligeuka kuwa mkono wa upande mmoja wa ugomvi.

Kuhusu mbeba hasara, methali ya wapiganapo tembo nyasi huumia inaeleza nusu ya ukweli. Nyasi hazikuchagua mahali pa kuota, ilhali mwanahisa alichagua, na mara nyingi alichagua kwa sababu ya tembo. Waliponunua hisa kwa kumwamini Khodorkovsky, Ma au Musk, wawekezaji walilipia jina la mtu kama sehemu ya mali ya kampuni. Jina hilo ndilo lililokuja kuwadai. Hapa ndipo udhaifu wa bodi za wakurugenzi unapojitokeza: zina kanuni za kumzuia mkuu wa kampuni asitumie fedha vibaya, lakini hazina kanuni madhubuti za kumzuia asiiweke kampuni rehani katika vita vyake vya kisiasa. Kuna ugumu wa kweli katika kuzitunga kanuni hizo. Khodorkovsky alipozungumzia ufisadi mbele ya rais alisema jambo ambalo raia yeyote ana haki ya kulisema. Kanuni itakayomnyamazisha mkuu wa kampuni kwa ajili ya kulinda bei ya hisa itakuwa imemfanyia mtawala kazi yake.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba bei ya hisa wakati wa ugomvi wa bilionea na watawala ni kipimo cha imani katika sheria zaidi kuliko kipimo cha biashara. Kipimo hicho si cha kutegemewa daima. Soko la Moscow lilikuwa katika kilele chake siku chache tu kabla ya kukamatwa kwa Khodorkovsky, na wenye makosa hawakuwa wajinga wala wachache. Walikuwa wamezisoma hesabu za Yukos kwa makini. Hesabu hizo zilikuwa sahihi, visima vilikuwa na mafuta, na mafuta hayo yanaendelea kuchimbwa chini ya jina jingine. Kilichotoweka ni haki ya waliokuwa wameyalipia.

Kwa mtafiti wa historia ya uchumi, matokeo haya yanapendekeza kwamba mienendo ya bei isisomwe peke yake kama ushahidi wa hali ya kisiasa. Isomwe sambamba na kumbukumbu za kodi, mashauri ya mahakama na nyaraka za minada, kwa kuwa humo ndimo ugomvi hugeuka kitendo. Eneo linalohitaji utafiti zaidi ni kumbukumbu za wanahisa wadogo wenyewe, ambao katika visa vyote vitatu wametajwa kwa jumla ya fedha walizopoteza, na bado hawajaandikiwa historia yao.